Mchoraji Aliyelipwa kwa Sahani ya Chakula

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tunaiandika katika insha kila muhula na walimu wetu wanatupa alama. Mwaka huu, hata hivyo, nimekutana na maisha ya mtu mmoja yaliyonifanya niitazame upya. Mtu huyu alicheza kwao karibu maisha yake yote. Badala ya kutunzwa alichekwa, akarushiwa mawe na watoto, na siku moja akaondolewa ngazi akiwa juu yake. Jina lake ni Theophilos Hatzimichail, mchoraji wa kisiwa cha Lesbos katika nchi ya Ugiriki. Alifariki mwaka wa 1934, na leo picha zake zina jumba lake la makumbusho.

Kabla sijaendelea, sharti nikiri jambo. Nilimcheka Theophilos kabla ya kumjua. Mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alitutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa. Wenzangu wa Kidato cha Tatu wakakimbilia wanasiasa na wanariadha. Mimi nilichelewa, kama kawaida yangu, na nilipofika maktabani vitabu vyote vya wakubwa hao vilikuwa vimechukuliwa. Kilichobaki ni kitabu kikubwa cha picha, kimejaa vumbi. Nikakifungua. Nikaona bandari yenye meli, wanawake waokotao zeituni, mwokaji mikate mbele ya tanuri, na wapiganaji waliovaa sketi nyeupe. Watu wamesimama wima kama viboko, macho makubwa, mikono mifupi. Nikaangua kicheko, hata msimamizi wa maktaba akanikazia macho. Nikajiambia kwamba hata mdogo wangu wa shule ya msingi angechora vile. Basi nikaanza kusoma maelezo, na kicheko kikanikauka mdomoni. Nitaeleza sababu yake mwishoni.

Kisiwa alikozaliwa

Lesbos ni kisiwa kilichoko katika Bahari ya Aegean. Kwa ukubwa ni cha tatu miongoni mwa visiwa vyote vya Ugiriki, na eneo lake ni zaidi ya kilomita 1,600 za mraba. Kiko mbali na Athens lakini karibu mno na Uturuki. Mtu akisimama ufuoni upande wa mashariki anaiona milima ya ng'ambo kwa macho yake. Mji mkuu wake ni Mytilene, mji wa bandari. Watu wa huko tangu kale wamekula kutokana na vitu viwili, yaani bahari na mzeituni. Baharini huvua samaki, na dagaa wa Ghuba ya Kalloni wana sifa kubwa. Katika milima wana mamilioni ya mizeituni, ambayo matunda yake hukamuliwa mafuta na zamani yalitengenezewa sabuni kwa wingi. Kisiwa hiki pia ndicho alikoishi Sappho, malenga wa kike aliyesifika zaidi ya miaka 2,500 iliyopita.

Karibu na mji huo wa Mytilene kuna kijiji kiitwacho Vareia, na hapo ndipo Theophilos alipozaliwa mwaka wa 1870 hivi. Wakati huo Lesbos haikuwa sehemu ya nchi ya Ugiriki. Ilikuwa chini ya utawala wa Waturuki wa Osmani, na iliendelea kuwa hivyo hadi mwaka wa 1912. Kwa hivyo mtoto huyu wa Kigiriki alikua akisikia habari za mashujaa walioanzisha vita vya uhuru mwaka wa 1821 ng'ambo ya bahari, huku kwao uhuru wenyewe haujafika. Habari hizo zilimwingia moyoni na hazikutoka tena.

Baba yake alikuwa fundi wa viatu. Babu yake wa upande wa mama alikuwa mchoraji wa picha takatifu za kanisani, zile picha za watakatifu ambazo Wakristo wa Orthodox huziweka kanisani na nyumbani. Shuleni Theophilos hakufua dafu. Masomo yalimpita, na tena alikuwa akitumia mkono wa kushoto, jambo ambalo zamani lilimpa mtoto taabu kubwa. Wale wenzangu wa mkono wa kushoto wanajua ninachosema. Lakini kwa babu alitulia. Huko alijifunza kusaga na kuchanganya rangi, akajifunza kuweka mtu katikati ya picha, kumpa macho makubwa yanayomtazama mtazamaji, na kuandika jina lake kando ili asichanganywe na mwingine. Yale macho makubwa niliyoyacheka, kumbe ndiyo macho ya watakatifu wa kanisani! Theophilos aliwapa macho hayo wapiganaji, waokaji mikate na wavuvi.

Safari za ujana

Alipokuwa kijana wa karibu miaka 18 aliondoka kwao. Alivuka bahari hadi mji wa Smyrna, ambao leo huitwa Izmir, akapata kazi ya ubawabu katika ubalozi mdogo wa Ugiriki. Nadhani ubawabu ulimfaa kwa jambo moja, kwamba alipewa kuvaa mavazi rasmi. Vazi la taifa la Wagiriki wa wakati ule kwa wanaume lilikuwa fustanela, yaani sketi nyeupe yenye marinda mengi, ambayo wapiganaji wa mwaka wa 1821 waliivaa vitani. Theophilos aliipenda fustanela kupita kiasi. Hata baada ya kuacha kazi ile hakuivua. Aliendelea kuivaa mchana kweupe, sokoni na barabarani, pamoja na upanga kiunoni, katika zama ambazo wanaume wenzake walikwisha kuhamia suruali. Hebu fikiria mtu apite katikati ya mji wetu leo akiwa amevaa ngozi na kubeba ngao na mkuki, na si siku ya tamasha. Watu wangesema nini? Ndivyo walivyosema juu yake.

Mwaka wa 1897 vita vilizuka kati ya Ugiriki na Waturuki. Inasimuliwa kwamba Theophilos aliharakisha kwenda kujitolea apigane kama mashujaa wake. Vita vile havikudumu, vilimalizika baada ya muda wa mwezi mmoja hivi, na Wagiriki wakashindwa. Theophilos akajikuta katika mji wa Volos, mji wa bandari ulioko chini ya mlima Pelion. Pale akakaa karibu miaka 30.

Miaka ya ukutani

Maisha yake huko Volos na katika vijiji vya Pelion yalikuwa hivi. Asubuhi alitoka na kisanduku chake cha rangi na brashi, akapanda mlima kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji. Akifika mkahawani, au penye duka la mikate, au nyumba yenye ukuta mtupu, aliomba ruhusa ya kuuchora. Malipo yake yalikuwa sahani ya chakula na gilasi ya mvinyo, na penye bahati vijisenti kidogo. Turubai hakuwa na uwezo wa kuinunua. Alichora juu ya kuta, mbao, kadibodi na vitambaa. Rangi alizichanganya mwenyewe kutokana na unga wa rangi wa bei nafuu.

Alichora nini? Kwanza aliwachora mashujaa wa vita vya uhuru. Pili alimchora Alexander Mkuu, mfalme wa zamani aliyeiteka nusu ya dunia ya wakati wake. Tatu aliwachora wapenzi wa hadithi za kale, kama Erotokritos na Aretousa, ambao kila mtoto wa Kigiriki anawajua kama sisi tunavyomjua Fumo Liyongo. Nne, na hii ndiyo inayonivutia mimi zaidi, aliichora dunia aliyoiona kila siku: bandari na meli zake, wavuvi, wakulima, wacheza ngoma siku ya sikukuu, wanawake chini ya mzeituni.

Uchoraji wake haukufuata kanuni za chuo. Tunafundishwa kwamba kitu kilicho mbali huchorwa kidogo na chenye ukungu, na kilicho karibu huchorwa kikubwa. Theophilos hakujali hilo. Kwake mtu muhimu alikuwa mkubwa, na jani la mti wa mbali lilionekana sawasawa na la mti wa karibu, kwa kuwa yote mawili aliyapenda. Chini ya picha aliandika maelezo marefu ya nani ni nani na jambo gani linatendeka, ili mtu yeyote anayepita apate kuelewa. Tahajia yake ilikuwa na makosa tele. Nasema hivi nikiwa mwanachama wa Chama cha Kiswahili ambaye daftari lake limejaa wino mwekundu, na nilifarijika.

Katika siku za kanivali, yaani zile sikukuu za kabla ya Kwaresima, Theophilos alijivika mavazi ya Alexander Mkuu. Kofia ya chuma, ngao na mkuki alivitengeneza mwenyewe. Akawakusanya vijana wa mtaani, akawavalisha kama askari wa Makedonia, wakapita mitaani wakiigiza vita. Siku hizo watu walimpigia makofi. Siku zinazofuata wakarudia kumcheka. Watoto walimfuata nyuma wakimzomea, na wengine walimtupia mawe. Watu wazima walimwona kama mwendawazimu asiyedhuru mtu.

Si wote lakini. Alikuwapo tajiri mmoja mwenye mashamba, Giannis Kontos, aliyekaa katika kijiji cha Anakasia karibu na Volos. Bwana huyu alimthamini na kumpa ulinzi. Mwaka wa 1912 alimruhusu aijaze nyumba yake picha. Theophilos akachora kuta za chumba kutoka chini hadi karibu na dari: mashujaa wa 1821 wakiwa vitani, miungu ya kale, maua, wanyama. Nyumba ile imesalia hadi leo na imefanywa makumbusho. Ingekuwa kila mwenye ukuta alifanya kama Kontos, tungekuwa na hazina kubwa mno. Lakini mikahawa mingi ilibomolewa, na kuta nyingine zilipakwa chokaa upya kwa sababu wenyewe waliona picha zile ni uchafu. Picha ngapi zilipotea hivyo? Hakuna aliyezihesabu.

Kuhusu ile ngazi, kisa husimuliwa hivi. Theophilos alikuwa juu ya ngazi akichora katika mkahawa mmoja wa Volos. Wanaume waliokuwa wamekaa wakinywa kahawa walitaka kufurahishana. Mmoja wao akaivuta ngazi. Theophilos akaanguka na kuumia. Wakacheka. Inasemekana kwamba baada ya aibu hiyo aliona basi, imetosha. Mwaka wa 1927 akafunga kisanduku chake, akapanda meli, akarudi Lesbos.

Kurudi nyumbani

Alipoondoka kisiwani alikuwa kijana. Alirudi akiwa na umri wa miaka 57 hivi, nywele zimeingia mvi, fustanela bado ameivaa. Kisiwa nacho kilikuwa kimebadilika. Sasa kilikuwa cha Ugiriki. Mji wa Smyrna alikofanya kazi ujanani uliteketea kwa moto mwaka wa 1922 wakati wa vita vingine kati ya Wagiriki na Waturuki, na maelfu ya wakimbizi wakavuka bahari kuja Lesbos bila kitu. Kila mtu alikuwa na shida zake. Ni nani angekuwa na nafasi ya kumlaki mchoraji fukara?

Huku nako watu walimcheka. Naye, kama kawaida, akatembea kijiji hadi kijiji na kuchora kuta kwa chakula na mvinyo. Nilipofika hapa katika kusoma kwangu nilijiuliza swali ambalo pengine nawe unajiuliza. Kwa nini hakuacha? Hakuwa na mke wala watoto wa kumlazimisha kutafuta riziki kwa njia hii, na kuna kazi nyingine za kumpa mtu sahani ya chakula. Jibu naliona katika picha zenyewe. Mtu anayechora kwa kinyongo hachori jani moja moja la mti. Theophilos alikuwa na shauku ya kuwaonyesha watu wa kwao kwamba wao wenyewe ni wazuri, kwamba mwanamke aokotaye zeituni anastahili kuchorwa kwa uangalifu uleule apewao malkia. Wao hawakuliona hilo. Yeye alikuwa akiliona, na hilo likamtosha.

Mgeni njoo

Sasa sikiliza maajabu. Katika kisiwa hichohicho alizaliwa mwaka wa 1897 kijana mwingine, Stratis Eleftheriadis. Alipokuwa na miaka 18 alipelekwa Paris kusomea sheria. Sheria haikumwingia. Aliingia katika mambo ya sanaa, akajulikana kwa jina la Tériade, akawa mhakiki na baadaye mchapishaji wa vitabu na jarida la sanaa lililosifika sana. Watu kama Picasso, Matisse na Chagall walikuwa marafiki zake. Huyu ndiye mtu aliyejua nini kinatafutwa katika mji mkuu wa sanaa duniani.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Tériade alirudi likizo kwao Lesbos, akakutana na picha za Theophilos. Hakucheka hata kidogo. Yeye aliyekuwa ameona kazi za mabingwa wa Ulaya alisimama mbele ya kazi ya yule mzee wa fustanela na kutambua kwamba wachoraji wakubwa wa Paris walikuwa wakihangaika miaka mingi kuutafuta uhuru ambao mtu huyu alikuwa nao tayari. Akamtafuta. Akampa turubai na rangi nzuri, akapanga alipwe kwa kazi yake. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Theophilos akachora bila kuomba ukuta. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo, ingawa mgeni huyu alikuwa mwana wa palepale.

Miaka yake mitano hivi ya mwisho ndiyo iliyotuachia picha nyingi tunazozijua. Kuna bandari ya Mytilene na meli zake, kuna wokaji mikate, wavuvi, mavuno ya zeituni, kuna Sappho mwenyewe pamoja na malenga mwenzake Alcaeus. Nikizitazama naona mtu anayejua kwamba siku zimebaki chache na bado ana mengi ya kusimulia. Bahari yake ya buluu imetulia, hewa ni safi, kila kitu kipo mahali pake. Hakuna hata mtu mmoja katika picha hizo anayemcheka mwenzake.

Mwezi wa Machi 1934 majirani walimkuta amekufa katika chumba chake kidogo mjini Mytilene. Zilikuwa zimebaki siku chache tu kufikia tarehe 25 Machi, siku ambayo Wagiriki wote husherehekea kuanza kwa vita vya uhuru vya mwaka wa 1821. Aliwachora mashujaa wale maisha yake yote, akavaa nguo zao kwa kudhihakiwa, na sikukuu yao ya mwaka ule hakuiona. Alikufa maskini. Hakupata kuona hata maonyesho moja ya picha zake.

Baada ya kufa

Heshima ilikuja, tena kwa kishindo, lakini mwenyewe hayupo. Mwaka wa 1935 washairi wawili vijana, Odysseas Elytis na Andreas Embirikos, walisafiri hadi Lesbos kutafuta kazi zake. Elytis, ambaye wazazi wake walitoka kisiwa hicho, baadaye aliandika kitabu kizima juu yake, na mwaka wa 1979 akapata Tuzo ya Nobel ya fasihi. Mwaka wa 1936 Tériade alizionyesha picha Paris, na Le Corbusier, msanifu majengo mashuhuri, akaandika kumsifu. Mwaka wa 1947 zilionyeshwa Athens, na malenga George Seferis, ambaye naye alipata Nobel mwaka wa 1963, akazungumza juu yake kwa heshima kubwa. Mwaka wa 1961 picha za yule mtu aliyefukuzwa kwa mawe zikatundikwa katika jumba la Louvre, Paris.

Tériade hakuishia hapo. Alijenga kwa fedha zake jumba la makumbusho huko Vareia, kijiji cha kuzaliwa kwa Theophilos, katikati ya mizeituni, na katika miaka ya 1960 akaliweka humo picha 86. Watoto wa shule za kisiwa hicho huja kuziona. Nadhani miongoni mwao wamo wajukuu wa wale waliorusha mawe.

Kwa nini kicheko kilinikauka

Niliahidi kueleza, na sasa natimiza. Katika kituo cha biashara kilichoko karibu na shule yetu kulikuwa na mzee mmoja mchora mabango. Ng'ombe wa ukutani pale kwenye bucha ni wake. Kichwa chenye nywele zilizokatwa vizuri pale kwa kinyozi ni chake. Alivaa koti refu la kijeshi na kofia yenye manyoya ya jogoo, akatembea na ndoo zake za rangi akiongea peke yake. Hoteli moja ndogo tunakonunua chai na mandazi siku za kutoka ilikuwa na ukuta alioujaza ziwa, mitumbwi, na samaki mkubwa kuliko mtumbwi. Alilipwa ugali na maharagwe, nasikia kwa muda wa wiki moja. Tulimwita majina. Kuna siku tulimtupia maganda ya machungwa tukakimbia, na mimi nilikuwamo. Nililenga, nikampata kwenye kofia.

Mwaka huu muhula wa kwanza tulikuta ukuta ule umepakwa rangi moja ya tangazo la biashara. Ziwa limekwisha, samaki amekwisha. Wakati ule sikuhisi lolote. Niliposoma habari za kuta za Volos zilizopakwa chokaa ndipo nilipoikumbuka ile mitumbwi, na nikatambua kwamba siwezi hata kusema ilikuwa mingapi. Nilikunywa chai mbele yake kwa miaka miwili na sikuwahi kuitazama.

Jumamosi iliyofuata ya kutoka nilimtafuta yule mzee. Nilimkuta nyuma ya soko kwenye posho mili, yuko juu ya ngazi, anachora gunia la mahindi. Ngazi yenyewe ilikuwa mbovu, inacheza. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba bila kugeuka. Nilitaka kumwomba msamaha lakini maneno yalinikwama kooni. Kwa hivyo nikafanya nililoweza. Niliishika ile ngazi kwa mikono miwili mpaka alipomaliza gunia na kushuka. Alinitazama kidogo, akaniuliza kama mimi ni wa shule ile ya juu. Nikasema ndiyo. Akanipa ndoo nimbebee.

Sijui kama mzee wetu ni Theophilos mwingine. Pengine si, na Tériade wake labda hatakuja. Lakini ninavyoona, hilo halihusu. Kama methali yetu ni kweli, basi kazi ya kutunza ni yetu sisi tuliopo hapa, si ya mtu atakayeshuka kutoka Paris. Wapenzi wasomaji, kila mmoja wetu anamjua mtu kama huyu: mwanafunzi wa dawati la nyuma anayechora badala ya kunukuu, mama anayesuka vikapu vyenye nakshi, mlinzi anayetunga mashairi usiku. Nanyi walimu wetu wapendwa, mkimpata mmoja wetu anachora katika ukurasa wa mwisho wa daftari, mwadhibuni kama sheria inavyotaka, ila kabla ya kuuchana ukurasa huo mwutazame.

Nakala nyingine ya jarida hili nimemwekea yule mzee.